Zamu ya Maji Gerezani

Nilikuwa muuguzi wa gereza kule Same, na mgonjwa wangu mkorofi kuliko wote alikuwa mzee wa Suji aliyesahau kwamba amefungwa. Utaratibu ulimtaka aniite afande. Badala yake mimi ndiye niliyemwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba, kisha akaniuliza nimetumwa na nani.

Filimbi ya asubuhi ikilia, kwake ilikuwa ishara ya kufungulia ndiva, lile bwawa la milimani ambalo wenye mashamba hugawana maji yake kwa zamu. Alifungua bomba la uani hadi mwisho, akachimba kijifereji kwa kisigino kuelekea ofisi ya mkuu wa gereza. Siku moja mkuu alitoka na viatu vinang'aa, akatua kwenye tope. Nilijificha stoo nicheke vizuri.

Nepi za mzee hatukuwa nazo. Tulikuwa na nyapara, mfungwa mwenzake, mwizi wa mbuzi aliyemwogesha babu wa watu bila kukunja uso.

Mzee alifungwa kwa kumpiga jirani yake jembe wakigombea zamu ya maji. Jirani akafa. Sasa ilikuwa inakuja kamati ya kupitia wafungwa wazee: aliyejuta anakwenda kufia kwao, asiyejuta anabaki nasi. Nyapara akajitwisha ualimu.

"Babu, sema 'nimejuta'."

"Nimejutia nini?"

"We sema tu, babu!"

"Mtu hajuti tu, mwanangu. Anajutia kitu."

Kamati ikaketi. Mwenyekiti akamuuliza, "Mzee, unajutia kosa lako?"

"Kosa gani?"

Nikaingilia kati, nikaeleza ugonjwa wake wa kusahau. Mwenyekiti akanitazama kwa huruma. "Muuguzi, humu ndani kila mtu amesahau."

Nilitamani kumtupia kiti. Mara filimbi ikalia nje. Mzee akasimama, akamwambia mwenyekiti kwa adabu, "Bwana, ukipita kwa jirani yangu, mwambie leo zamu yangu achukue yeye. Amwagilie mpaka atosheke. Sina ugomvi naye."

Mwenyekiti akasema hilo si jibu la swali.

Akabaki nasi. Kesho yake filimbi ilipolia, nilimfungulia bomba kwa mkono wangu mwenyewe. Hakuligusa. Alikaa kando, akimsubiri jirani.