Nilivyoomba Risasi Zisipatikane

Mimi ni mtu wa kusema. Mume wangu si mtu wa kusema, na kwa miaka mingi mgawanyo huo ulitufaa: mimi niliongea, yeye alisikiliza huku akitengeneza redio au kiti cha mtu. Lakini kiwanda cha vipuri vya magari alichokuwa akifanyia kazi kilipofungwa, ukimya wake ukawa wa namna nyingine. Alikaa dirishani kwenye fleti yetu ya Flemingdon Park, huku Kanada, akitazama mabasi ya Don Mills yakishusha watu wanaotoka kazini, na chai niliyomwachia niliikuta imepoa, imefanya utando juu. Binti yetu alikuwa anasoma chuo mbali. Nikirudi kutoka kliniki ya meno nilikokuwa karani wa mapokezi, namkuta pale pale nilipomwacha asubuhi. Niliumia sana, na mimi nikiumia hufoka, kwa hiyo nilifoka.

Basi siku moja tukiwa mezani akasema anataka kununua bastola.

"Bastola ya nini?"

"Ya kulenga shabaha. Kuna klabu. Jamaa mmoja tuliyekuwa naye kiwandani alinipeleka juzi."

Kulenga shabaha nilikujua. Kila mgeni aliyewahi kula kwetu amesimuliwa jinsi mume wangu, alipokwenda jeshini kwa mujibu wa sheria baada ya kidato cha sita, alivyowashinda vijana wa kambi nzima mpaka afande akampigia saluti. Akanieleza kwamba bastola za kisasa hazimfai, kwa sababu lazima uvute sehemu ya juu kwa nguvu, na kifundo cha mkono wake kilimalizwa na mashine za kiwandani. Alitaka rivolva, ile ya zamani yenye gurudumu la risasi linalojizungusha lenyewe, ila iwe mpya.

Hayo yote aliyasema vizuri, na mimi sikuyasikia. Nilichosikia ni kwamba mwanamume asiye na kazi, asiyeongea wala kula vizuri, anataka silaha ndani ya nyumba. Niliogopa angejidhuru. Leo naandika wazi, wakati ule nilishindwa hata kulitamka neno lenyewe nikiwa peke yangu bafuni.

Kanada ina mambo mengi ya kunichosha, lakini kwa hili niliishukuru: mtu mwenye mke anapoomba leseni ya silaha, na mke anatakiwa kutia sahihi. Aliniwekea fomu mezani na kalamu juu yake. Nikasema nitasaini nikimaliza kuosha vyombo, nikaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi. Fomu ikahamia kwenye mlango wa friji, ikakaa hapo wiki baada ya wiki chini ya sumaku yenye umbo la nanasi. Yeye alikwenda kwenye kozi ya usalama wa silaha, akafaulu, akarudi, akaitazama fomu, akafungua friji akachukua maziwa. Hakunisukuma hata siku moja. Afadhali angenisukuma, ningepata pa kugombea.

Nilipoona nazidiwa, nikawapigia simu wasimamizi wetu wa ndoa. Hawa ni wale wazee wawili, mume na mke, waliosimama nasi kanisani siku ya harusi, na kwa desturi yetu kazi yao haiishi siku ile; ndoa ikiyumba unawaita. Bahati nzuri nao walikuwa wamehamia huku, mji wa Brampton, kwa mtoto wao. Nilipiga simu kutoka chooni kazini. Nikamwambia yule mama, "Shikamoo mama. Mwenzangu anataka kununua bastola. Naomba mje." Kisha kengele ya mlango wa kliniki ikalia, nikakata.

Jumamosi walifika. Baba msimamizi alivaa suti ya harusi, mama alibeba hotipoti ya pilau. Mama hakukaa hata kidogo. Alinishika mkono, akanipeleka chumbani, akafunga mlango.

"Mwanangu, niambie mimi tu. Ni nani huyo?"

"Nani yupi, mama?"

"Huyo mwanamume. Mtu hanunui bastola bure. Ni wa hapo kazini kwako? Ni daktari?"

Kabla sijajibu, tukasikia sauti ya baba msimamizi kutoka sebuleni. Mzee yule alikuwa na masikio mazito, na alidhani sisi wengine pia ni hivyo hivyo.

"Hata kama umewafumania, mwanangu! Damu haitakusaidia! Huyo daktari wa meno mwachie Mungu!"

Halafu nikasikia kitu ambacho sikuwa nimekisikia tangu kiwanda kifungwe. Mume wangu alikuwa anacheka. Alianza kwa kukohoa, kisha kicheko kikamtoka kama maji yaliyozibuliwa, akawa anajaribu kusema "daktari" na anashindwa. Daktari wangu alikuwa babu wa kutembelea mkongojo, aliyezoea kulala mchana kwenye kiti cha wagonjwa. Nilitoka chumbani, na nilipomwona anavyojishika mbavu nami nikacheka, mama naye akacheka, ingawa nadhani hakuwa ameridhika bado kuhusu daktari.

Kicheko kilipoisha, mume wangu alikuwa anafuta machozi, na machozi hayakukoma.

"Mzee," akamwambia baba msimamizi, "mimi nimechoka kuulizwa kama nimepata kazi. Kanisani wananiuliza, kwenye lifti wananiuliza. Kule klabu hakuna anayeniuliza. Ukisimama kulenga, kichwa kinanyamaza. Ndicho ninachokitaka, kichwa kinyamaze kidogo."

Nilikuwa nimesimama katikati ya sebule na kitambaa cha kufunikia hotipoti mkononi. Nikaona nisipomuuliza mume wangu sasa sitamuuliza tena.

"Baba, unataka kujidhuru?"

Mama msimamizi akasema, "Yesu wangu!" Mume wangu akanitazama bila hasira.

"Hapana," akasema. "Nataka kuamka asubuhi nikiwa na mahali pa kwenda."

Nilimwamini nusu. Nikamwambia hivyo hivyo mbele ya wazee, kwamba nimemwamini nusu, na kwa hiyo nitasaini kwa masharti mawili. La kwanza, twende wote kwa daktari, si wa meno, tukamweleze hali yake. La pili, siku atakapopata risasi, mimi nijue kwanza, kabla hazijaingia ndani ya nyumba hii. Akakubali yote. Daktari alimpa mtu wa kuzungumza naye kila wiki, naye akaenda, akanung'unika, akaendelea kwenda. Baada ya hapo nikaitoa fomu chini ya lile nanasi, nikasaini.

Leseni ilipotoka, madukani hakukuwa na kitu. Wamarekani walikuwa wameshikwa na hofu kwamba sheria zitabadilika, wakanunua silaha na risasi kana kwamba vita vinakuja kesho, na uhaba ukavuka mpaka ukatufikia. Rivolva mpya ikawa ya kuagiza na kungoja. Mume wangu akaanza kupiga simu madukani kila asubuhi. "Hakuna," anaambiwa, anashukuru, anapiga kwingine. Wauza duka wakamzoea, na jioni alinisimulia habari zao: huyu ana goti bovu, yule mwanawe ameoa. Nikaanza kukosa nafasi ya kuongea ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Chai akawa anainywa ikiwa moto.

Mwisho rivolva ilipatikana. Aliileta kwenye sanduku lililofungwa kufuli, akaitia kwenye sefu aliyoipigilia kabatini, na jioni aliitoa akaifuta kwa kipande cha flana kuukuu, akazungusha lile gurudumu tupu na kusikiliza. Ilikuwa tupu kwa sababu risasi zenyewe, zile ndogo za shabaha, hazikuwepo popote. Kanisani wenzangu waliombea makaratasi ya uhamiaji na kazi za watoto. Mimi nilifumba macho nikaomba risasi zisipatikane. Niliona tuko salama hivi tulivyo, yeye ana kitu cha kungojea na mimi nina sefu yenye chuma kitupu.

Kisha siku moja, wakati wa chai kazini, msaidizi wa daktari, ambaye mumewe ni mwindaji wa kulungu, akasema tu kama mtu anayezungumzia mvua kwamba duka moja la mji wa Pickering limepokea shehena ya risasi asubuhi ile. Kasha moja kwa kila mteja. Mpaka jioni zitakuwa zimekwisha.

Niliingia stoo, nikasimama katikati ya maboksi ya glavu. Nikinyamaza, hatajua. Duka lile halikuwa miongoni mwa yale aliyoyapigia simu, na mimi singekuwa nimesema uongo wowote. Nikamfikiria alivyokuwa asubuhi, amevaa shati lililopigwa pasi, simu sikioni, akimwuliza muuza duka habari za goti lake. Kama bado nilikuwa namwamini nusu tu, basi nusu nyingine niliyokuwa nikiidai niliitaka kwa nani, kama si kwangu mwenyewe? Nikatoa simu mfukoni.

"Unayakumbuka masharti yetu?" nikamuuliza.

"Yapi?"

"Kwamba risasi zikipatikana mimi nijue kwanza."

"Mama, sijapata. Naapa. Leo wote wameniambia hakuna."

"Nimejua kwanza," nikasema. "Zimeingia Pickering."

Nikamtajia duka. Halafu nikasikia funguo za gari.

"Nije nikupitie kwanza?" akauliza. "Twende wote?"

"Mimi niko kazini, baba," nikamwambia. "Nenda tu peke yako."