Utupa wa Tuneya

Tuneya wa kijiji cha Chara hakuwa mtu wa kusemasema. Alichojulikana nacho ni utupa, mmea wa kulevya samaki. Alikuwa na vichaka vyake nyuma ya nyumba, na kila kiangazi, ziwa la karibu lilipopungua, wanawake walimfuata. Waliyatwanga majani kinuni, wakayatia vikapuni, wakaingia majini hadi kiunoni na kuvisukasuka vikapu. Haukupita muda samaki wakalewa na kuelea tumbo juu. Kazi ilibaki kuokota tu.

Mwaka wa 1956, sikukuu ya mavuno ilipokaribia, alitwanga kuliko siku zote. Jumapili ile vikapu vya kambare na perege vilipangwa mbele ya kanisa, pamoja na mpunga na ndizi. Mwalimu Komora, aliyeongoza ibada, aliwashukuru akina mama mmoja mmoja kwa jina. Tuneya alirudi nyumbani amefurahi.

Asubuhi yake alikwenda ziwani kuosha vikapu. Ukingo wote ulikuwa mweupe. Alidhani ni povu, mpaka alipoinama. Walikuwa watoto wa samaki, wadogo kama punje za mchele, wamekufa wote. Aliwachota kwa kiganja. Kila mmoja alikuwa na macho mawili.

Aliketi pale pale kwenye matope. Mungu amehangaika na huyu mmoja, aliwaza, hata akamtia macho. Nami jana niliimba sifa zake huku hawa wanakufa.

Aliwafunga kwenye jani la mgomba, akaenda kwa Mwalimu Komora, akamkuta akigongelea benchi la shule.

"Mwalimu, sadaka yetu ya jana ina kasoro," alisema, akafungua jani.

Komora alitazama. "Lakini samaki si tulipewa tule, mama?"

"Tule, ndiyo. Hawa nimewaua na hakuna aliyewala."

Mwalimu aliweka nyundo chini. "Hata mimi nilikula samaki wale," alisema. "Sijui nikuambie nini."

"Sikuja kuambiwa. Nilitaka na mwingine aone."

Siku hiyo hiyo aling'oa utupa wake wote, akauchoma.

Haikuisha wiki akaja jirani yake Nyevu, Mgiriama aliyehamia huku na mumewe kulima.

"Dada, nina wageni Jumamosi. Mbona sioni utupa?"

"Nimeung'oa."

"Wote?"

"Na mizizi."

Nyevu akashika kiuno. "Sasa wageni wangu watakula nini, majuto yako?"

Tuneya alicheka bila kutaka. "Kaa hapa. Nitakufundisha kusuka mgono."

Alikuwa amejifunza kwa baba yake: mtego wa fito, mdomo wake mpana, samaki mkubwa akiingia hatoki, mdogo anapita katikati ya fito na kwenda zake. Vidole vya Nyevu vilichubuka, naye akalalamika mpaka jua likazama. Mgono wake wa kwanza ulinasa kobe. Alimrudisha majini akimsema kama mtu. Jumamosi wageni walikula mchicha na kambare mmoja, tena mwembamba.

Wengine pale kijijini hawakuuacha utupa. Mwalimu Komora alipoomba kanisani kwamba samaki wa utupa wasiletwe tena kuwa sadaka, familia mbili zilinuna na hazikuonekana mwezi mzima. Tuneya hakuwafuata kuwahubiria. Aliwasalimu njiani kama kawaida, na aliyetaka mgono alimsukia.

Mwaka uliofuata mto unaolilisha ziwa ulifurika vizuri, ukalijaza. Maji yalipotulia, Tuneya alikuwa akisimama ukingoni kabla ya kuchota, watoto wa samaki wakimdonoa vidole vya miguu, wengi hata hawahesabiki. Alikuwa akimshukuru Mungu hapo hapo, kwa sauti ya chini, kisha anajitwika mtungi.

Nyevu naye alianza kusuka migono ya kuwapa watu, na kumwambia kila mpita njia kwamba sasa anamshinda aliyemfundisha. Tuneya hakubisha. Ilikuwa kweli.