Ijumaa ya Kwenda Bandarini

Jana, katika mji mwingine ninaoupita tu, harufu ya ubani ilitoka dukani ikanirudisha Maskati. Nikiwa mtoto tulifika huko mimi na mama baada ya basi la usiku kucha na ndege mbili, hadi chumba cha baba, aliyefanya kazi huko, mtaa wa Azaiba. Nililala katikati yao kwa mara ya kwanza.

Ibada yetu ilikuwa Ijumaa, siku ya mapumziko. Mwalimu wa watoto alitufundisha bandari za Biblia: Tiro, ya mfalme aliyempa Sulemani mierezi, na Yafa, Yona alikopanda meli kumkimbia Mungu. Mimi mtoto wa bara sikuwahi kuona meli. Nikamsumbua baba kwa maswali hadi akacheka.

"Wewe Yona mdogo! Ijumaa ijayo nakupeleka Matrah uione bandari."

Siku hiyo mama alinivisha sweta kwenye joto lile, nami kwa furaha sikuuliza. Tuliondoka sote watatu, lakini baba alishika barabara ya Sib.

"Baba, Matrah ni kule nyuma!"

Aliendesha mpaka uwanja wa ndege. Hapo akatoa sanduku langu kwenye buti la gari, akanikabidhi kwa mwanamke Mkenya mwenzetu aliyekuwa anarudi nyumbani.

"Utakaa kwa nyanya, usome huko. Unamkumbuka Yona? Alikataa kutumwa, na ulisikia yaliyompata."

Nilimtazama mama. Alikuwa anatazama chini.

Niliogopa kumezwa na samaki kama Yona. Nikampa yule mgeni mkono.