Safi ya Binti wa Mashine

Mimi ni dobi, na katika kazi yangu neno safi silitoi ovyo. Mteja akija kuchukua shati, nalipeleka kwanza mlangoni kwenye mwanga, nageuza kola, nachungulia makwapa, ndipo nasema neno. Mume wangu, kinyozi mwenye duka jirani na langu, hunicheka: "Mama Pasi, hilo ni shati tu, unalichunguza kama mchumba?" Mtaa mzima unaniita hivyo, Mama Pasi, na nimeshazoea. Ndiyo maana mpaka leo najishangaa, ilikuwaje nikaichukua safi ya mtu mwingine bila kuigeuza nikatazama upande wa pili.

Nilikwenda hospitali kupigwa picha ya matiti. Titi langu la kushoto lilitolewa uvimbe wa kansa, nikapigwa mionzi, nikapona, na tangu hapo kila mwaka lazima nirudi waangalie kama ugonjwa haujarudi. Watu wanadhani ukipona umepona, mambo yamekwisha. Thubutu! Mwezi wa picha ukikaribia mimi silali, chakula hakipiti, nagombana na kila kitu mpaka na kamba ya kuanikia. Mgongo ukiuma, ni kansa. Ngozi ikiwasha, ni kansa. Nikikohoa kwa vumbi la barabarani, nayo ni kansa.

Wifi yangu, dada wa mume wangu, ndiye aliyenisindikiza. Huyu Mungu kamjalia moyo mkubwa, na mdomo mkubwa zaidi. Alibaki kwenye benchi la nje, mimi nikaingia. Binti wa mashine ya picha ni mpole, ila mashine yenyewe haina adabu hata kidogo. Inalibana titi kati ya vibao viwili mpaka unajiuliza umeikosea nini, na upande ule uliopigwa mionzi, ambako ngozi imekuwa ngumu, machozi yanatoka yenyewe.

"Shusha bega, mama. Usipumue. Haya, pumua."

Akaenda kwenye kompyuta yake, akatazama. Mimi nikabaki nakodolea kisogo chake, nikitafuta humo habari zangu. Mara akasema, "Safi kabisa! Unaweza kuvaa, mama."

Nikavaa haraka. Nikatoka na vifungo nimevifunga kombo.

"Wamesemaje?" wifi akauliza.

"Amesema safi kabisa."

Wifi akaruka, akanikumbatia upande uleule unaouma, na kabla sijamaliza kulia simu ilikuwa sikioni mwake. "Kaka! Safi! Mkeo safi kabisa!" Nikamsikia mume wangu kule akicheka na kulia kwa pamoja, na wateja wake wakipiga makofi nyuma yake.

Tulipopita dirishani, karani wa mapokezi akaniambia, "Majibu Alhamisi, mama. Utayapata kwa daktari."

Majibu? Majibu gani tena? Nikamwambia wifi nimesahau mtandio, nikarudi kule chumbani mbiombio.

"Binti, si ulisema safi?"

"Picha, mama. Nilisema picha zimetoka safi, hukutikisika. Mimi napiga tu, kusoma anasoma daktari." Akaona uso wangu ulivyobadilika, akanishika mkono. "Jamani, pole. Sikujua umeelewa hivyo."

Nilitoka nimekusudia kusema. Wallahi, mdomo niliufungua. Lakini wifi alikuwa anampa mama mkwe habari kwenye simu, na mama mkwe huko anashukuru Mungu kwa sauti, mimi nasikia. Nikaufunga. Nitamwambia mume wangu mwenyewe nyumbani, nikajisemea.

Nyumbani nikamkuta amefunga duka mapema. Mwanaume huyu tangu niugue alikuwa halali vizuri, nikigeuka tu kitandani, naye anageuka, "Vipi, unaumwa?" Siku hiyo akala akamaliza sahani, akaegemea kiti, akakoroma mchana kweupe, mdomo wazi. Nikasimama pale namtazama. Nimwamshe nimwambie nini? Nikasema kesho. Kesho yake nikasema kesho.

Nilikosa pa kukaa. Nikikaa nasimama, nikisimama naifuata pasi. Nilipiga pasi shuka zilizokwisha kupigwa. Nikaunguza suruali ya mwalimu, mimi, Mama Pasi! Majirani wanapita, "Hongera jamani, tumesikia!" Najibu ahsanteni, naingia ndani. Hasira zikanijaa. Nikamchukia wifi kwa simu yake, nikamchukia mume wangu kwa kukoroma kwake. Wao walikuwa wamepona wote. Mgonjwa nimebaki mimi peke yangu.

Alhamisi nikaaga nakwenda kununua sabuni. Daktari akaweka picha mbili pamoja, ya mwaka jana na hii mpya. Akatazama. Akasogea. Akatazama tena. Kulikuwa na kitu cheupe pale kushoto, hata mimi nilikiona.

"Pana maumivu hapa?" akauliza.

"Daktari, usinizungushe. Sema."

Akatabasamu. "Hili ni kovu la upasuaji wako. Mwaka jana lilikuwepo, na halijabadilika. Sioni dalili yoyote kwamba ugonjwa umerudi."

"Ngoja kwanza. Ni picha iliyo nzuri, au ni mimi?"

"Ni wewe, mama. Wewe ndiye mzima. Tuonane mwakani."

Sijui nilivuka vipi barabara. Nakumbuka nimeingia dukani kwa mume wangu kama kichaa, kanga imeanguka begani, nasema kwa sauti, "Hakuna kitu! Daktari amesema hakuna kitu!"

Alikuwa amefika nusu ya kichwa cha mteja. Wala hakugeuka. "Si tunajua?" akasema. "Sabuni iko wapi?"

Loo! Hapo nikalipuka. Nikamwaga yote mbele ya yule mteja: binti na mashine yake, karani, hongera za majirani, hizo siku zote nilizokuwa nahesabu pumzi zangu huku yeye anakoroma. Mashine ya kunyolea ikazimwa.

"Kwa hiyo," akasema polepole, "mimi nilikuwa nalala, na wewe hujui kama..."

"Sijui."

Akapapasa nyuma akitafuta kiti, akakaa. Mikono yake, inayoshika wembe kutwa nzima bila kuteleza, ikaiachia mashine ikaanguka. Hofu ndiyo kwanza ilikuwa inamfikia, yote kwa mkupuo, wakati mambo yameshakwisha. Akajifunika uso kwa taulo la kazi, akalia.

"Hongera sana, mama," mteja akasema kutoka ndani ya shuka lake, nywele upande mmoja tu. Huyo ndiye pekee aliyenipongeza siku hiyo. Maana mimi niliyekuja mbio nipongezwe nilikuwa nimeshapiga magoti sakafuni, juu ya nywele za watu, namshika mume wangu mikono, nambembeleza, "Hakuna kitu, baba watoto. Nyamaza. Hakuna kitu."