Branchi ya Mgonjwa

Mkate uliolowa una harufu yake. Si ya mkate, si ya chai, ni kitu cha katikati, kama kanga iliyomwagikiwa maziwa ikasahauliwa nyuma ya kochi. Hapa bwenini kila Jumapili tunapewa mkate na chai ya maziwa, ingawa maziwa yenyewe yanapita tu karibu na sufuria, yanasalimia, yanaendelea na safari. Rafiki yangu Rehema, ambaye nyumbani kwao hawakumaliza kumlea, huizamisha slesi nzima kwenye kikombe mpaka ikatike, kisha anaivua kwa kijiko.

"Rehema, unaumwa?" wenzetu humwuliza. "Hicho si chakula cha wagonjwa?"

Wote hucheka isipokuwa mimi. Na mnaonijua mnajua kwamba mimi nimewahi kutolewa nje ya ibada kwa kucheka. Lakini harufu ile ikinifikia, narudi Nkuhungu, jikoni kwetu, nikiwa darasa la tano, wakati Mama alipojaribu kutuokoa kwa branchi.

Branchi, kwa mliokulia mahali pa heri pasipo na neno hilo, ni chai ya saa nne iliyochanganyika na chakula cha mchana kwa sababu watu wamechelewa kuamka. Ndiyo maana yake yote. Nikifikiria leo kwamba Mama yangu, mtu ambaye sijawahi kumkuta amelala, ndiye aliyeng'ang'ania kupika chakula cha watu waliochelewa kuamka, nachoka kwa niaba yake.

Mama alikuwa karani wa masijala katika wizara moja kule Mtumba, na bado ndiye. Sisi tunakaa Nkuhungu, upande wa pili kabisa wa mji wa Dodoma. Alikuwa anatoka nyota zikiwa bado kazini na kurudi nyota zikiwa zimeingia zamu tena. Baba alikuwa Gulwe kwenye kazi za reli. Alikuja mara moja moja, akalala kama gunia, akaondoka. Kwa hiyo nyumba tuliiongoza mimi na mdogo wangu Yona, wa darasa la pili: serikali ya watu wawili, isiyo na bajeti wala upinzani. Tulijipikia, tukajifungia mlango, tukasameheana kuoga.

Mambo yalikwenda vizuri hadi jioni ile Yona alipomwagikiwa uji wa moto mkononi. Hakuungua sana, lakini alilia kwa sauti ya kutosha kufika Haneti, kijijini kwa Bibi.

Na kweli ilifika. Mtaani kwetu kuna mama mmoja wa huko, na Wagogo wa Haneti hawahitaji redio. Bibi, mama yake Baba, akapiga simu. Bibi hajawahi kuamini kwamba simu inaweza kubeba sauti peke yake, huwa anaisaidia, kwa hiyo tulisikia wote.

"Mama Seche, Jumapili nakuja. Nawachukua wajukuu zangu. Huku kuna watu nyumbani."

"Sawa, mama," Mama akajibu. "Karibu."

Simu ikakatika. Mama akabaki ameishika mkononi kama mtu aliyekabidhiwa mzigo wa abiria mwingine. Halafu akaenda kuanika sare zetu. Zile sare alizianika polepole sana, akizinyoosha kola kwa vidole.

Yona alifurahi, maana Haneti kuna mbuzi. Mimi nililala nikiwaza jambo moja tu: Mama akirudi kutoka Mtumba usiku, nani atamfungulia mlango?

Basi, ofisini kwake kulikuwa na dada mmoja aliyesoma nje ya nchi, na huyo ndiye aliyemtumia Mama maelezo ya mkate wa kuoka wenye matunda. Mama akatuonyesha picha kwenye simu. Mkate umevimba, umepakwa dhahabu, matunda yamelala juu yake kama watu walio likizo. Hapo akatufafanulia mpango wake. Bibi akiikuta meza kama ile, ataona kwamba nyumba ina mwenyewe. Ataona watoto wanakula. Atakunywa chai, atasema ahsante, atarudi Haneti na mbuzi wake wabaki bila wajukuu.

"Kwa nini tusimpikie ugali?" niliuliza.

"Ugali kila mtu anapika, Seche."

Nilitaka kumwambia kwamba hiyo ndiyo sababu kila mtu anaupenda, lakini macho yake yalikuwa mekundu, na nilishajifunza kwamba kuna siku utani haufunguliwi mlango.

Yale maelezo yalitaka vitu ambavyo Dodoma haijapata kuviona. Yalitaka matunda madogo ya bluu. Tukaweka zabibu, maana ulikuwa msimu wake na zilijaa hadi kwenye beseni za kina mama barabarani. Yalitaka maji matamu ya mti fulani, tukaweka asali. Yalitaka oveni, tukatazamana. Jumamosi jioni Mama alikata mkate wa juzi vipande vipande, akaupanga kwenye bati la keki, akapiga mayai na maziwa na mdalasini, akamwagia. Ulitakiwa ulowe hadi asubuhi. Mimi na Yona tulipewa kazi ya kutoa mbegu za zabibu. Zabibu zetu zina mbegu kwelikweli, si zile za kwenye picha. Mimi nilitumia kisu. Yona alitumia meno. Nilimwona, nikanyamaza, maana alikuwa anakwenda kasi kuliko mimi na kazi ni kazi.

Asubuhi Mama hakwenda kanisani. Hilo peke yake lilipaswa kunishtua. Alikuwa uani, upepo wa kiangazi ukimpiga vumbi, ameinamia jiko la mkaa. Alikuwa ametia mchanga kwenye sufuria kubwa, bati likakaa juu ya mchanga, mfuniko ukafunika, na juu ya mfuniko makaa mengine, hivyo ndivyo tunavyooka sisi tusio na oveni. Ukizidisha makaa ya chini, kitako kinaungua. Ukizidisha ya juu, uso unaungua. Mama alikuwa anayahamisha kwa koleo, moja chini, moja juu, kama mtu anayegawa urithi kwa ndugu wakorofi. Mara mbili nilimwona amesimama na koleo mkononi, macho ameyafumba.

"Mama, umelala?"

"Naomba," akasema.

Kwa wale wanaopenda kujua matokeo: uso uliungua na katikati paligoma kuiva. Zabibu zilipasuka, zikatoa rangi, zikaugeuza mkate kuwa wa zambarau. Ukiuchota, ulivutika na kutikisika. Yona aliutazama muda mrefu.

"Kama mlenda," akasema.

"Nyamaza, uweke sahani."

Bibi alifika jua likiwa limepanda, na kanga mbili, na kiroba cha karanga, na jogoo aliyefungwa miguu ambaye safari ilikuwa imemwondolea majivuno yote. Mlangoni akatoa salamu yetu, "Mbukwenyi," tukamwitikia, tukamwamkia na shikamoo juu yake ili asipate pa kulalamika. Mkononi alikuwa na mfuko mwingine, mtupu, umekunjwa vizuri. Nilijua ule ni wa nguo zetu. Sikuweza kuacha kuutazama.

Mama alikuwa amevaa gauni lake la harusi za watu. Akamwonyesha Bibi kiti, yeye mwenyewe akabaki amesimama, mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyeitwa mbele ya ubao.

"Karibu branchi, mama."

Bibi akanawa. Akakaa. Akaisogeza sahani karibu, akachukua kijiko, akainua kipande, kikatikisika, akakirudisha. Akanusa.

"Mkate," akasema. "Maziwa. Mayai."

"Ndiyo, mama. Na matunda."

Bibi akaweka kijiko chini, akatutazama mmoja mmoja, na kwa mara ya kwanza tangu aingie sauti yake ikashuka.

"Nani anaumwa humu ndani?"

Mjue kwamba kwa Bibi, na kwa kila mtu aliyezaliwa kabla ya branchi, mkate haulowekwi kwenye maziwa kwa ajili ya mtu mzima mwenye meno. Huo ni mkate wa mgonjwa. Unalowekwa kwa asiyeweza kutafuna, analishwa kwa kijiko, watu wakinong'ona. Mama alikuwa amekesha kumwandalia mkwewe ushahidi kwamba nyumba ni nzima, na ushahidi wenyewe ukasema kuna mgonjwa ndani.

"Si mimi," Yona akasema haraka, akanyoosha mkono wake. "Mimi nimepona. Ona."

Bibi akaushika ule mkono, akaugeuza, akaurudisha. Akaweka kiganja kwenye paji la uso wa Yona. Akaja kwangu. Kiganja chake kilikuwa kikavu, kinanuka karanga na moshi wa basi. Halafu akainuka, na akaenda kwa Mama.

Wagogo tuna adabu zetu baina ya mkwe na mkwe. Bibi hakuwahi kumgusa Mama zaidi ya mkono wa salamu, si kwa ubaya, ndivyo ilivyo. Siku ile alimwekea kiganja usoni na hakukiondoa. Mama alikuwa amejiandaa kwa maneno. Alikuwa na majibu, nilimsikia akiyafanyia mazoezi uani. Kiganja hakikuwamo kwenye mazoezi.

"Siumwi, mama," akasema. "Nimechoka tu."

"Ndicho ninachouliza."

Akamshika bega, akamkalisha kwenye kile kiti alichoonyeshwa yeye. Akavuta sahani. Akachota penye zabibu nyingi, akampelekea mdomoni, kama mtoto. Mama akageuza uso kidogo, akatuona tunamwangalia, kisha akafungua mdomo. Akala. Alikula kijiko baada ya kijiko, machozi yakiteremka bila sauti, na Bibi hakuyafuta wala hakuyataja. Aliendelea kuchota. Nilikuwa na utani mzuri sana juu ya meno ya Yona na zile zabibu. Niliumeza.

Mama hakumaliza sahani. Alilala hapohapo, kichwa kikiegemea ukuta, gauni la harusi likiwa na tone la zambarau kifuani. Bibi akatufukuza kwa mkono bila neno, kama kuku. Akaenda uani, akamfungua jogoo miguu, akaufungua ule mfuko mtupu, akautandika chini, akaketi juu yake na kuanza kufua sare zetu.

Mfuko haukubeba nguo za mtu. Bibi alikaa Nkuhungu hadi mvua za kwanza zilipomwita shambani, na kila usiku yeye ndiye aliyemfungulia Mama mlango, akimgombeza kwa Kigogo kwa kuchelewa, na Mama akijibu "Ndiyo, mama" kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, ya mtu ambaye na yeye ana wa kumgombeza.

Kwa miaka mingi kisa hiki kilikuwa mali yangu. Nilikiigiza kwenye sherehe, nikivaa kanga, nikitembea naweka mkono kwenye vipaji vya watu: "Nani anaumwa humu ndani?" Watu walianguka kwa kicheko. Mama alicheka kuliko wote. Niliamini kichekesho ni Bibi, ambaye hakujua branchi ni nini. Siku hizi, kengele ikinitoa kitandani kabla sijamaliza kuingia, na mitihani imetukalia shingoni, natembea nimefumba macho na nikiulizwa nasema naomba. Ndipo nikaanza kukitazama kisa upya. Sijui kama Bibi alidhani kweli kuna mgonjwa. Sikuwahi kumwuliza, na sasa hasikii vizuri hata bila simu. Ninachojua ni kwamba mtu aliyechoka namna ile huwezi kumwambia apumzike. Atakuambia hajachoka, atakuletea chai. Inabidi kwanza mtu aamue kuwa wewe ni mgonjwa.

Likizo iliyopita nilimpikia Mama ule mkate. Makaa juu, makaa chini. Mbegu nilizitoa kwa kisu zote, Yona nilimfungia nje. Uso uliungua, katikati hapakuiva, hiyo sasa ni mila ya ukoo. Mama alirudi usiku, akaweka mkoba mezani, akaiona sahani.

"Nani anaumwa humu ndani?" akauliza, akijiandaa kucheka.

Zamu yangu ilikuwa kucheka naye. Badala yake nilimwekea kiganja kwenye paji la uso. Alikuwa na joto kidogo, au labda ni mkono wangu uliokuwa wa baridi. Akakaa.