Herufi za Kijivu

Sijui kutulia. Hata ninapoandika haya nimeinuka mara tatu, mara kufunga dirisha, mara kulifungua. Wakati ule nilipokuwa nimepanga chumba Busia, upande wa Uganda, hali ilikuwa mbaya zaidi. Kazi yangu ilikuwa kutengeneza tovuti za shule, za zahanati, za wauza vipuri wa upande wa Kenya. Nilikuwa na laini mbili za simu. Mtandao wa Uganda ukizubaa nilihamia wa Kenya, na yote miwili ikizubaa nilivaa viatu nikavuka mpaka kwa miguu, eti nafuata mtandao. Ukweli ni kwamba nilikuwa natafuta sababu ya kukikimbia kiti.

Nilikuwa na blogu pia. Humo niliwafundisha wenzangu tabia njema za kazi: anza na lililo gumu, zima simu, kazi ikitosha iache iende. Mganga hajigangi. Niliandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho nilicholelewa nacho. Baba alikuwa askari, na katika kambi ya Rubongi, pale karibu na Tororo, watoto wa kila kabila tuligombana na kupatana kwa Kiswahili.

Baba alipotimiza mwaka mmoja kaburini, mama aliita watu nyumbani kwa maombi ya kumbukumbu. Mimi ndiye mtoto wao wa pekee. Asubuhi hiyo nilikuwa nimeshavaa, mkoba begani, nikafungua kompyuta nitazame kidogo tu tovuti ya zahanati iliyokuwa ikabidhiwe kesho yake. Kichwa cha habari kilikuwa kimekaa vibaya. Nikakisogeza, nikakirudisha, nikabadili fonti ya herufi, nikaona mistari imebanana, nikailegeza, sasa kichwa nacho kikaonekana kidogo. Nilipoinua macho, jua lilikuwa limeshapita utosini. Nilifika Rubongi watu wamekula, mchungaji ameondoka, hema linakunjwa.

Mama alikuwa anapanga viti. Hakunisalimu. Aliwageukia majirani waliobaki akasema, "Mnaona huyu? Huyu aliolewa na kompyuta."

Wakacheka. Ningecheka nao yangeishia hapo. Lakini ulimi hauna mfupa. "Afadhali kompyuta," nikasema, "hainipigii kelele."

Nilimjibu hivyo mbele ya watu, siku ya baba, nikageuka nikarudi Busia bila hata kufika kaburini.

Baada ya hapo hatukuzungumza. Nilibonyeza namba yake mara nyingi nikaikata kabla haijaita. Mwisho nikaona niandike, kwa kuwa kuandika ndiko nilikojidai nakuweza. Niliweka kwenye blogu maneno ya kumwomba radhi, juu yake kichwa kikubwa: "Mama, Kuhusu Siku ya Baba." Kisha nikaufanya ukurasa ule kama kazi ya mteja. Herufi nyeusi niliona zinafoka, nikachagua za kijivu. Nene niliona zina kiburi, nikachagua nyembamba. Nikazifanya ndogo, zionekane za mtu mnyenyekevu. Tena nikaufunga ukurasa usikuzwe kwa vidole, kwa maana wasomaji wanaovuta-vuta huharibu mpangilio. Nilikuwa nimewahi kuandika makala nzima ya kuisifu mbinu hiyo. Kwenye skrini yangu ulipendeza. Nikamtumia mama kiungo cha ukurasa huo kwa simu, bila neno jingine.

Alama ya simu ikaonyesha ameuona ujumbe. Nikangoja. Siku moja, wiki, mwezi, kimya. Wasomaji wachache nisiowajua waliniandikia kwamba nimewagusa, mmoja hata alisema amelia. Mama, hakuna kitu. Nilibadili fonti ya ukurasa ule mara nne. Nilihamisha meza dirishani, nikairudisha ukutani. Siku nyingine nilivuka mpaka mara mbili kabla ya chakula cha mchana, sina la kununua wala wa kumwona. Nilikuwa na hofu, na hofu ilipochoka ikageuka hasira. Nimeomba radhi, anataka nini zaidi? Nilianza kuamini kwamba nimempoteza na mama pia.

Mwezi wa tatu wa kimya hicho, ile zahanati iliniita Tororo nimfundishe muuguzi kuweka matangazo kwenye tovuti yao. Nilimaliza kabla ya saa sita. Gari la Busia lilikuwa limebakiza kiti kimoja. Nililiacha nikapanda boda hadi Rubongi, kabla moyo haujabadilika.

Mama ana duka dogo kando ya barabara ya kambi, anauza sabuni, sukari na mafuta ya kupikia. Nilimkuta peke yake.

"Mama, habari ya hapa?"

"Mzuri."

Hakunikaribisha. Nilikalia kreti ya soda, nikainuka kabla sijakaa vizuri.

"Ile kitu nilikutumia kwa simu, ulisoma?"

"Niliona."

"Uliona ama ulisoma?"

"Niliona ile kubwa. Mama, siku ya baba. Ile ya chini iko kama majivu tu. Navuta na vidole, inakataa."

"Si ungemwomba mtu akusomee?"

Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Nani? Hawa askari wananunua sabuni hapa? Wasome namna mutoto yangu natukana mimi kwa dunia yote?"

Miezi mitatu! Alikuwa ameshika kichwa cha habari peke yake, na maneno ya mwisho aliyoyasikia kinywani mwangu, akajazia mengine mwenyewe. Nilichukua simu yake, skrini imekwaruzika, nikasimama mlangoni. Juani hata mimi sikuona kitu. Nikavuta kwa vidole viwili. Ukurasa ukakataa, kama nilivyouamuru.

Nilifungua kompyuta juu ya gunia la sukari. Nikazifanya herufi nyeusi, nikazinenepesha, nikazikuza, nikafungua kile nilichofunga. Ilikuwa kazi ya dakika chache. Nikamrudishia simu.

Alisoma kwa sauti, kidole kikifuata mstari, polepole. Ndipo nilipoyasikia maneno yangu. Kumbe yalijaa kazi yangu, wateja wangu, uchovu wangu. Akafika pahali nilipoandika, "Kama nilikukosea."

"Kama?" akauliza. "Wewe hujui?"

Akasoma hadi mwisho.

"Watu wengine walisoma hii?"

"Wachache."

"Kwa hivyo watu wa mbali wanajua wewe naomba mimi msamaha. Mimi, hapana." Akaweka simu kifudifudi juu ya kaunta. "Sasa sema na mdomo."

Nilitamani kwenda nje. Nilitamani mtu aingie anunue kiberiti. Hakuingia mtu. Miguu yangu ilikuwa inacheza yenyewe, nikaikaza sakafuni.

"Mama," nikasema, "nilikukosea. Nilikutukana mbele ya watu. Nisamehe."

Alichukua kitambaa akafuta kaunta, ambayo haikuwa na vumbi. Alifuta muda mrefu.

"Siku ile watu wanauliza mimi, mutoto ya marehemu iko wapi," akasema, bila kuinua macho. "Muchungaji aliuliza. Wajomba yako waliuliza. Mimi nasema, iko njiani, gari tu iliharibika. Nasema tena, iko njiani, inakaribia. Nilisema mpaka mimi mwenyewe naamini."