Mwenyekiti Aliyezifunika Zabibu za Makutupora

Asubuhi ile sikuwa na mpango wa kwenda popote. Nilikuwa nyumbani Kisasa, jijini Dodoma, nimekaa mbele ya kompyuta na kikombe cha chai, ndipo Mama Yudith aliponipigia simu kutoka Makutupora. Mama huyu analima zabibu, na ni mwanachama wa ushirika ambao mwaka jana niliutengenezea tovuti huku nikijigamba kwamba haitamsumbua mtu. Siku hiyo hata salamu hakunipa, na kwa mtu wa adabu kama yeye, hilo peke yake lilinitisha.

"Fundi, zabibu zangu nimeshazikata, ziko kwenye kreti. Mnunuzi anafungua huo mtandao wako anamkuta mwenyekiti!"

"Anamkuta wapi?"

"Kila mahali!"

Nikafungua mwenyewe. Nilipobonyeza "Mizigo ya Leo" alitokea Mzee Lameki, mwenyekiti wa ushirika, ndani ya suti ya bluu, ananikaribisha. Kwenye "Bei" yuko Mzee Lameki. Kwenye "Weka Oda" yuko Mzee Lameki, na tabasamu lilelile. Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Kisha akapiga Dada Zainabu, mnunuzi kutoka Dar es Salaam, nami nikaacha kucheka.

"Kaka, lori langu liko Kibaigwa hapa, sokoni," alisema. "Mimi sinunui kwa picha za WhatsApp. Msimu uliopita nilitumiwa picha, nimefika nakuta zabibu nyingine kabisa. Nataka orodha yenu: shamba la nani, kreti ngapi, sukari imepimwa lini. Ikifika saa nane sijaiona, napakia mahindi narudi zangu."

Zabibu zikishakatwa hazirudishwi mtini, na kwa joto lile, kesho yake wangezifurahia nyuki tu. Msimu mzima wa Mama Yudith ulikuwa kwenye zile kreti. Nikajaribu kuingia kwenye mfumo, nywila ikakataa. Katibu wa ushirika, Bwana Ndahani, alikuwa ameibadilisha.

"Nywila ya ushirika haisemwi kwenye simu," alinijibu. "Njoo nikuandikie kwenye karatasi."

Saa nne na nusu nikawasha pikipiki, nikashika barabara ya kaskazini. Njia nzima nilikuwa nikiwashuku watuhumiwa mmoja mmoja: labda seva, labda kamkwaju, kale kamstari ka mshazari, kamesahaulika mwishoni mwa anwani, labda mimi mwenyewe.

Msalato nilisimama kando ya barabara, malori ya kokoto yakinipita na kunipaka vumbi. Nikaiweka kompyuta juu ya kiti cha pikipiki, nikaandika anwani ya uongo: jina la ushirika, mkwaju, kisha "mbuzi". Akatokea Mzee Lameki. Hilo lilikuwa sawa, maana niliupangia mfumo mwenyewe kwamba mgeni anayetafuta ukurasa usiokuwepo asikutane na ujumbe mkavu wa kosa, apelekwe kwa mwenyekiti akaribishwe. Ila kwa nini mwenyekiti awapokee na wale wanaojua wanakokwenda?

Hapo nikaanza kunusa. Mfumo ule una orodha ya njia, na huisoma kutoka juu kwenda chini. Mstari wa kwanza unaolingana na anwani ya mgeni ndio unaoufuata, hausomi mwingine. Mstari wa mwenyekiti ulilingana na kila anwani, kwa hiyo mahali pake palikuwa chini kabisa, baada ya mingine yote kushindwa. Nikapiga kiki, pikipiki ikawaka.

Saa sita kasoro robo nilifika Makutupora. "Mbukwa, fundi!" alinisalimu katibu kwa Kigogo, akanikabidhi karatasi iliyokunjwa mara nne. Mama Yudith alikuwa amekaa mlangoni na simu mkononi. Nikaingia kwenye mfumo, nikafungua orodha. Mstari wa kwanza: anwani yoyote ile, mwenyekiti.

"Nani amempandisha huyu?"

"Mimi," katibu alijibu kwa fahari. "Tulikuwa na ugeni kutoka wilayani. Nafungua orodha nakuta mwenyekiti yuko wa mwisho, chini ya mstari wa kreti tupu! Fundi, itifaki uliiacha wapi?"

"Basi sasa tumshushe."

"Tumshushe mwenyekiti? Bila kikao?"

Ningeweza kumshusha kimyakimya, ila katibu alikuwa amesimama nyuma yangu, na nilijua nikiondoka tu angempandisha tena. Tukaenda shambani kwa mwenyekiti mwenyewe. Mzee Lameki alikuwa anapunguza majani, bila suti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mbona mnahema?"

"Mzee, kwenye sherehe, nani huzungumza mwisho?"

"Mgeni rasmi."

"Akianza yeye?"

"Watu wanajua imekwisha, wanakwenda kula."

"Ndicho kilichotokea kwenye tovuti. Umewekwa wa kwanza, kila mtu anaishia kwako. Zabibu za Mama Yudith hazionekani."

Mzee alimgeukia katibu. "Ndahani! Mama wa watu zabibu zinamharibikia, mimi natabasamu? Nishushe sasa hivi!"

Saa saba na nusu tulikuwa ofisini. Katibu alimshusha kwa mkono wake, mstari baada ya mstari, kama anayeshusha jeneza. Tukafungua "Mizigo ya Leo". Mzee Lameki.

"Ameng'ang'ania," alinong'ona katibu.

Kumbe mfumo ulikuwa bado unatoa kurasa za zamani ulizozihifadhi. Nikazifuta, nikafungua tena. Jina la Mama Yudith likatokea, kreti zake na kipimo cha sukari. Nikampigia Dada Zainabu, nikamwambia ajaribu. Dakika kama tano zikapita, nikiufungua ukurasa upya mara kwa mara. Kisha, pembeni ya lile jina, pakaandikwa: "Zimechukuliwa." Mama Yudith aliweka simu yake mezani akafuta macho kwa ncha ya kitenge, ndipo akakumbuka kwamba hatukuwa tumesalimiana. Akanisalimia upya, kirefu, mpaka habari za mama yangu.

Niliondoka saa kumi. Njiani sikumcheka katibu. Mwaka jana nilimfundisha kupandisha na kushusha mistari, ila sikumwambia kwamba mpangilio wenyewe ndio kazi. Alipoona orodha, aliisoma kama mtu yeyote wa ofisini angeisoma, kwa ukubwa wa cheo. Kosa lilikuwa langu, na lilikaribia kulipwa kwa zabibu za mtu mwingine. Kabla sijaondoka nilikuwa nimeandika maelezo kando ya ule mstari wa mwisho: "Mgeni rasmi. Asipandishwe."

Karibu na Msalato nikapishana na lori tupu. Dereva alipunguza mwendo, akatoa kichwa dirishani.

"Kaka, Makutupora kwa Mama Yudith napitaje?"

"Nyoosha mpaka ofisi ya ushirika," nilimwambia, "halafu muulizie kwa jina lake."